Shajara ya mradi: vishikwambi na matamshi katika darasa la Gredi ya 5, Kaunti ya Kisumu

Kabla ya muhula: tatizo kwanza, kifaa baadaye

Mradi huu ni sehemu ya mazoezi yangu ya kufundisha katika Diploma ya Ualimu wa Shule za Msingi, na unafanyika katika shule moja ya umma iliyo katika bonde la Nyando, upande wa Ahero. Nimepangiwa somo la Kiswahili, Gredi ya 5, chini ya mwalimu mlezi, yaani mwalimu wa shule anayenisimamia, ambaye hapa huitwa Madam. Chuo kinamtaka kila mwalimu mwanafunzi achague suala moja la ufundishaji, alishughulikie muhula mzima na kuweka kumbukumbu za maendeleo yake, nami nimechagua matumizi ya teknolojia darasani. Katika mijadala yetu chuoni nimeona kwamba tunapozungumzia suala hili huwa tunaanza na kifaa: projekta ipo, basi tutafute somo la kuipa kazi. Hapa nimeamua kupita njia ya pili, yaani kutafuta kwanza jambo ambalo watoto wanalihitaji na ambalo ubao, chaki na kitabu haviwezi kuwapa, ndipo niulize kama kifaa kilichopo kinaweza kulitimiza.

Jambo hilo halikuwa mbali. Karibu wanafunzi wote wa darasa hili huzungumza Dholuo nyumbani, na Dholuo haina sauti /sh/, /z/ wala /v/. Mtoto anapokutana na sauti hizo katika Kiswahili huchukua iliyo jirani katika lugha yake, kwa hivyo shamba huwa samba, zawadi huwa sawadi na vitabu huwa fitabu. Lau ingekuwa lafudhi tu, nisingeigusa. Kila Mkenya ana lafudhi yake, na anayezungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kisumu hana deni kwa mtu yeyote. Tatizo ni kwamba tofauti hizi hubeba maana na, zaidi ya hapo, huingia katika maandishi. Mtoto asiyesikia tofauti kati ya sindano na shindano huyaandika yote mawili kwa namna moja, na mwalimu anaposahihisha kwa kalamu nyekundu humwonyesha herufi aliyoikosa bila kumsikilizisha sauti iliyomfanya aikose. Anaposoma kwa sauti, mtoto huyo husikia alichokusudia kusema, si alichokisema. Ubao hauwezi kumrudishia sauti yake. Kifaa chochote kinachorekodi kinaweza.

Kabla ya kuandika pendekezo nilisoma juu ya utafiti uliofanyiwa hapa hapa Kisumu chini ya PRIMR, mradi wa kuboresha kusoma na hisabati katika madarasa ya mwanzo, uliotangulia Tusome, mpango wa kitaifa wa kufundisha kusoma ulioanza mwaka wa 2015. Watafiti walilinganisha shule ambamo vishikwambi walipewa washauri wanaozuru walimu, shule ambamo walipewa walimu wenyewe, na shule ambamo wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016: makundi yote matatu yalisoma vizuri kuliko shule za kulinganishia, lakini hayakupishana sana yenyewe kwa yenyewe, na mbinu ile ile ya kufundisha kusoma ikitumiwa bila vifaa hivyo ilileta faida kubwa zaidi kwa kila shilingi iliyotumika. Nimeyaweka matokeo hayo mwanzoni mwa daftari la mradi kwa makusudi, kwa sababu yananilazimisha kujibu swali moja kila ninapoandaa somo: je, kuna kitu hapa ambacho andalio zuri la somo lisingekifanya peke yake?

Vifaa vilivyopo

Vishikwambi vya shule hii vilitoka katika mpango wa serikali wa kukuza ujuzi wa kidijitali uliozinduliwa mwaka wa 2016, ambao uliwalenga wanafunzi wa darasa la kwanza. Kila shule ilipokea vifaa vya wanafunzi, viwili vya walimu, projekta na kisanduku cha kuhifadhia masomo kinachosambaza bila kuhitaji intaneti. Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka huo ndio waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, kwa hivyo vifaa vimeishi kuliko mfumo wa elimu vilivyonunuliwa kuuhudumia. Viko ndani ya kabati la chuma katika chumba chenye vyuma dirishani. Vingi havishiki chaji tena. Vilivyobaki vinatosha kimoja kwa kila kikundi cha wanafunzi, nami nimeongeza spika ndogo ya kuchaji na simu yangu ya kujaribia, ambayo haitatumika kurekodi sauti ya mtoto yeyote.

Nimechagua sauti badala ya video kwa sababu ya hesabu pia. Dakika moja ya sauti kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 1, ilhali dakika moja ya video safi ya simu hupita megabaiti 100 kwa urahisi. Kwa kifaa chenye nafasi ndogo na kisicho na bando, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika au haitafanyika. Nikumbushe pia kwamba shule zilipofungwa Machi mwaka wa 2020, redio ndiyo iliyokuwa mwalimu katika boma nyingi za kwetu, na hakuna aliyelalamika kwamba haikuwa na picha.

Kibali cha wazazi

Sauti ya mtu ni data yake binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto huyo. Niliandaa barua fupi kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja wa shule akaitafsiri kwa Dholuo, ikieleza kinachorekodiwa, kwa nini, kitakaa wapi na kitafutwa lini. Tuliisoma kwa sauti katika mkutano wa wazazi badala ya kuwapa watoto waipeleke nyumbani, na nadhani uamuzi huo ndio uliookoa mradi, kwa maana maswali yalikuwa mengi na yalikuwa ya haki.

Bibi mmoja mzee anayelea wajukuu alisimama akauliza, “Mwalimu, hiyo sauti ya mjukuu wangu utaenda nayo wapi ukimaliza kusoma kwako?”

“Haitatoka hapa shuleni, nyanya,” nikamjibu. “Nikimaliza inafutwa, na Madam atakuwepo akiona.”

“Basi andika hivyo hapo kwa karatasi.”

Niliandika mbele yake, kisha nikaongeza sentensi hiyo katika barua zote. Wazazi wachache hawakutia sahihi. Watoto wao hufanya mazoezi yote isipokuwa kurekodiwa, na katika vikundi ndio wanaoshika kifaa na kubonyeza, kazi ambayo wenzao wameanza kuionea wivu.

Juma la kwanza: projekta

Kwa kuwa projekta ilikuwepo na mwalimu mkuu alitamani kuiona ikifanya kazi, somo la kwanza lilianza nayo. Darasa halina mapazia. Jua la saa nne lilifuta picha yote ukutani, tukaziba madirisha kwa karatasi za manila na leso mbili, na joto likapanda chini ya mabati. Picha ilionekana. Watoto walifurahi sana, wakatazama, na mwisho wa kipindi cha dakika 35 hakuna aliyekuwa ametamka neno lolote lenye /sh/ isipokuwa mimi. Chochote kilichokuwa katika ile picha kingeweza kuchorwa kwenye manila kwa kalamu nene na kubaki ukutani wiki nzima. Projekta imerudi kabatini na sijaiomba tena kwa mradi huu.

Majuma yaliyofuata: koo, kioo na sikio

Nilianza na jozi za maneno: sana na zana, faa na vaa, suka na shuka, sindano na shindano. Kwa /z/ na /s/ hapakuhitajika kifaa. Sauti zote mbili hutamkiwa kwenye ufizi, tofauti ni kwamba /z/ ni ghuna, yaani nyuzi za sauti hutetema inapotolewa. Mtoto akiweka vidole viwili kooni na kuvuta sauti hizo kwa zamu, anaihisi tofauti mara moja. Vivyo hivyo kwa /f/ na /v/. Darasa zima lilikuwa likinguruma huku limeshika koo, na mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia kama kuna usalama.

Sauti /sh/ haikukubali ujanja huo, kwa sababu wala /s/ wala /sh/ si ghuna. Kinachobadilika ni mahali: kwa /sh/ ulimi hurudi nyuma kidogo kuelekea kaakaa gumu na midomo hutokeza mbele. Ulimi hauonekani, lakini midomo inaonekana, na hapa ndipo kamera ya mbele ya kishikwambi ilipopata kazi kama kioo. Hatukurekodi wala kupiga picha. Kila mtoto alijitazama akisema suka, kisha shuka, na mwenzake akiangalia kama midomo imetokeza. Kioo cha kawaida kingefanya kazi ile ile, ila shule haina hata kimoja, na vishikwambi vipo.

Kurekodi ndiko kulikochukua sehemu kubwa ya mradi. Darasa lina wanafunzi zaidi ya hamsini, na kumpa kila mmoja dakika moja kungemaliza kipindi kizima na kula kingine, kwa hivyo kila kikundi kinafanya kazi yake kwa wakati mmoja na vikundi vingine, nje, chini ya miti, kwa kupeana umbali. Upepo kutoka upande wa ziwa ulitusumbua. Kipaza sauti kilimeza maneno na kutoa mvumo mtupu. Kitambaa chepesi cha pamba kilichofungwa juu ya tundu la kipaza sauti, pamoja na kukishika kifaa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, vilituondolea shida hiyo kwa kiasi kikubwa.

Sentensi ya kwanza ya kusomwa niliitunga mwenyewe: “Shangazi Zuhura alivaa shuka akauza sindano baada ya shindano.” Msichana mmoja anayeketi karibu na dirisha, msomaji mwepesi asiyekwama popote, aliisoma kwa kujiamini: “Sangasi Suhura alifaa suka akausa sindano baada ya sindano.” Kikundi chake hakikuona kasoro yoyote, kwa kuwa wote wangesoma hivyo. Kisha wakabonyeza wakasikiliza. Kwanza walicheka, kama wanavyocheka wote wanaposikia sauti zao kwa mara ya kwanza, nami nikawaeleza kwamba mtu anapozungumza husikia sauti yake kupitia hewa na pia kupitia mifupa ya kichwa chake, ambayo huifanya iwe nzito zaidi, ilhali kifaa kinarudisha ile ya hewani tu, ambayo wengine huisikia siku zote. Kicheko kilipoisha waliirudia rekodi huku vidole vikifuata maneno kitabuni. Kidole cha msichana yule kilisimama kwenye neno la mwisho. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena, akasema, “Mwalimu, nimesema sindano mara mbili.” Hakuna aliyemsahihisha. Mwalimu mlezi, aliyekuwa amesimama kando na daftari lake, aliandika jambo lakini hakusema kitu hadi tuliporudi ofisini.

Tangu hapo utaratibu umekuwa huo: soma, rekodi, sikiliza kitabu kikiwa wazi, weka alama ya penseli palipoteleza, soma tena. Sitoi alama mimi. Kikundi ndicho kinachoamua. Sentensi zangu pia zimeacha kutumika, kwa sababu watoto wametunga zao, na zao ni bora. Hapa kuna mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa, na msimu wa mpunga kukomaa watoto wengi hutumwa kuwafukuza ndege wa kwelea wasiumalize. Kikundi kimoja kiliandika kisa kirefu kuhusu kazi hiyo, kimejaa shamba, kuvuna, kuzuia, mavuno na vishindo, maneno ambayo ningeyatafuta kwa kamusi na ambayo wao wameyatoa kwenye maisha yao bila kujua kwamba yana sauti ninazozitafuta. Kwa wanaohitaji matini za ziada nimepakua mjini hadithi za African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka wa 2014 ambao hadithi zake zina leseni huria, kwa hivyo zinaweza kunakiliwa na kuchapishwa bila kuomba ruhusa.

Juma la mvua

Mvua za masika zilipoanza, barabara ya kuingia shuleni ilikatika, mto Nyando ukajaa, na stima ikapotea. Hata kabla chaji haijaisha, mvua juu ya mabati ilikuwa imezima kila kipaza sauti, maana mtu humsikia aliye ubavuni mwake kwa shida. Mwalimu mlezi alikuwa ameniuliza tangu mwanzo, “Mwalimu, kifaa kikizima, somo nalo linazima?” Kwa ajili ya swali hilo kila andalio langu la somo lina sehemu ya pili isiyotegemea stima: wanafunzi huketi wawili wawili wamepeana migongo, mmoja anasoma orodha ya maneno, mwingine anaandika alichosikia, kisha wanalinganisha. Kama msomaji alikusudia zana na mwandishi ameandika sana, wote wawili wanajua kuna kazi. Tulifanya hivyo juma zima kwa kupaza sauti dhidi ya mvua.

Zoezi hili lilinipa jambo la kufikiri. Linafanya sehemu kubwa ya kazi ya rekodi, halihitaji chaji, na linamhusisha kila mtoto kwa wakati mmoja. Linachokosa ni kule kujisikia mwenyewe. Mtoto anaambiwa na mwenzake kwamba amekosea, na mara nyingine wanabishana nani ana masikio mabovu. Nimeamua kuyaunganisha, mgongo kwa mgongo kwanza na rekodi baadaye kwa maneno yaliyoleta ubishi pekee. Muda wa kutumia vifaa umepungua na faida yake imeongezeka.

Kutoka kwa wenzangu

Katika kundi letu la mawasiliano, mwenzangu aliyepangiwa Bungoma alijaribu utaratibu huu na kukuta kazi tofauti kabisa: watoto wake wanaozungumza Lubukusu husoma “tawa” penye dawa na “kari” penye gari, kwa hivyo zoezi la vidole kooni limemfaa kuliko kioo. Mwingine yuko Njoro, Kaunti ya Nakuru, katika darasa lenye watoto wa lugha nyingi, na hawezi kuandaa orodha moja ya maneno kwa wote. Kila kikundi kinajitafutia sauti zake zinazokisumbua kutokana na rekodi zake chenyewe. Nimelitamani darasa lake, ingawa yeye analitamani langu.

Ngazi ya Puentedura

Chuoni tulifundishwa mfano wa SAMR wa Ruben Puentedura, wenye viwango vinne vya kutumia teknolojia: kuchukua nafasi ya kifaa cha zamani, kuongezea, kurekebisha kazi, na kuunda kazi mpya isiyowezekana hapo awali. Mfano wenyewe unasaidia kutaja mambo. Ila unachorwa kama ngazi, na mwalimu mwanafunzi anayekaguliwa hujiona anatakiwa kuwa juu kabisa. Kwa kipimo hicho kamera niliyoitumia kama kioo iko chini, ni mbadala tu, lakini bila hiyo /sh/ isingeeleweka. Mkufunzi aliyekuja kunikagua alipendekeza tutengeneze video na kuibadilisha na shule nyingine. Ni wazo zuri kwa shule yenye nafasi ya kuhifadhi, bando na vibali vya wazazi kwa jambo hilo. Kwa hii, muhula huu, nililiweka kando na kumweleza sababu, naye akazikubali.

Hali ilivyo sasa

Nimetumia viwango vya mtaala wa umilisi kupima: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia na kuwa mbali na matarajio. Katika kusoma kwa sauti, wengi wamesogea kutoka kukaribia hadi kufikia kwa /sh/ na /v/. Sauti /z/ ingali ngumu inapokuwa katikati ya neno; zawadi imepona, lakini uza na kaza zinarudi kuwa usa na kasa mtoto anapoharakisha. Katika insha mabadiliko yanaonekana wazi zaidi kuliko katika mazungumzo, na uwanjani wakati wa mapumziko hakuna kilichobadilika hata kidogo. Sioni ubaya hapo. Mazoezi ya kusoma huchukua muda mrefu kufika katika mazungumzo huru, na lengo langu tangu mwanzo lilikuwa kitabu na daftari.

Sina darasa la kulinganishia, kwa hivyo siwezi kudai kwamba rekodi ndizo zilizoleta mabadiliko haya na si mazoezi ya mara kwa mara ambayo darasa halikuwa nayo hapo awali. Ninachoweza kukitetea ni kidogo zaidi: watoto wanaojisikia wenyewe hujisahihisha bila kungoja mwalimu, na hilo nimeliona katika kila kikundi, kwa walio wepesi na walio wazito.

Kazi zilizobaki kabla ya kufunga shule ni kupanga sentensi na visa vya watoto katika kijitabu kimoja kitakachobaki darasani, kumwonyesha mwalimu mlezi namna ya kuzungusha chaji ili vifaa vyote visiishiwe siku moja, na kufuta faili zote za sauti yeye akiwepo, kama barua inavyosema. Ameomba orodha ya jozi za maneno aitumie na Gredi ya 4 muhula ujao. Amesema vishikwambi ataviomba kabatini siku za Alhamisi tu, siku nyingine watapeana migongo.